Kobe Kwenye Chumba cha Cherehani

Mama mkwe wangu alivunjika nyonga mwezi wa Mei, na akiwa bado ameketi sakafuni jikoni, mguu umemgeuka upande usio wake, swali lake la kwanza lilikuwa nani atamlaza kobe. Hakuuliza gari la wagonjwa limefika wapi. Hakumwulizia mwanawe aliyekuwa kazini. Alinishika mkono, akaniita makoti, kama wanavyomwita mke wa mtoto wao kwa Kizulu, akataka nimwahidi kwamba kobe hatakufa. Nikaahidi. Mtu aliyevunjika mfupa utamkatalia nini?

Ahadi ile ilininyima raha majira yote ya baridi.

Tulikuwa tukiishi Kensington, upande wa mashariki wa Johannesburg, katika nyumba ya bati jekundu yenye ua mdogo nyuma. Mume wangu alikuwa mmoja wa vijana waliotoroka Soweto wakiwa bado wanafunzi, wakaishia Tanzania, wakasoma Morogoro, na baadhi yao wakatuoa sisi wasichana wa huko. Tulihamia kwao mwaka mmoja baada ya uchaguzi wa kwanza, tukiwa na mtoto mmoja wa kike. Baadaye mama yake akaja kukaa nasi kutoka Soweto, na mizigo yake ilikuwa sanduku moja, mablanketi manne na kobe.

Kobe yule alikuwa na hadithi, na hadithi hiyo niliijua kwa moyo kwa sababu kila mgeni aliyekanyaga nyumbani alisimuliwa. Mume wangu alipewa na baba yake akiwa mtoto. Majira ya baridi ya mwaka ule wanafunzi wa Soweto walipoandamana na kupigwa risasi, yeye na wenzake waliondoka alfajiri kuelekea mpakani, bila kumuaga mtu. Kobe alikuwa ndani ya boksi, amelala usingizi wa baridi, ule wa miezi kadhaa bila kula. "Aliondoka kobe amelala," mama mkwe alikuwa akisema. "Nikasema, kobe akiamka, mwanangu atakuwa amerudi." Kobe aliamka na mwana hakurudi. Akamlaza tena baridi iliyofuata, na iliyofuata hiyo, miaka nenda miaka rudi. Majirani walipomwambia aache kungoja, mtoto ameshakufa huko maporini, alikuwa akiwaonyesha kobe kwa kidole, wanakwenda zao.

Mwanawe aliporudi, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, mama alimpa kobe mikononi kabla hajanitazama mimi. Nakumbuka nimesimama kwenye geti kule Soweto, mtoto amenilalia begani, nikingoja watu wamalize kumsalimia kobe. Nilichukia, sifichi. Lakini pia nilielewa. Kwa hiyo nilipoahidi pale sakafuni nilijua nimeahidi nini. Kobe yule akifa mikononi mwangu, mama mkwe angekuwa amepoteza kitu pekee alichokishikilia miaka yote ile, na mimi nisingekuwa makoti wa nyumba ile tena, ningebaki yule mwanamke wa kuja aliyemuua kobe.

Tatizo ni kwamba mimi si mtu wa kungoja. Mama yangu mzazi alikuwa akisema maharage yakinisikia naingia jikoni hugoma kuiva, kwa jinsi ninavyofunuafunua sufuria. Johannesburg ilinizidishia hali hiyo. Kwetu nilikuwa mwalimu wa chekechea. Huku cheti changu hakikutambuliwa, nikaweka cherehani chumba cha mbele nikawa nashona sare za shule na vitambaa vya meza. Nikiwa siko kwenye cherehani nilikuwa dirishani. Nikiwa siko dirishani nilikuwa getini, naangalia barabara, na hakuna niliyekuwa namtarajia. Na mtu kama huyo ndiye aliyekabidhiwa mnyama ambaye kazi yake yote ni kutulia.

Maelekezo nilipewa hospitalini. Mama mkwe alikuwa amelazwa kati ya wanawake wawili wa rika lake, mguu umefungwa uzito wa kuunyoosha, naye ameinua kidole kama mwalimu. Kizulu changu wakati ule kilikuwa cha kusikia zaidi kuliko cha kusema, kwa hiyo alinifanya nirudie kila sentensi. Asipewe chakula tena. Yeye mwenyewe alishaacha kumlisha tangu majani ya miti yalipoanza kugeuka rangi, ili tumbo liwe tupu, maana kobe akilala ameshiba kile chakula huozea ndani. Aogeshwe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yasiyomfika puani, anywe, ajisaidie, akaushwe vizuri mpaka makwapani. Kisha boksi ndani ya boksi kubwa, na katikati yake magazeti yaliyochanwa na majani makavu. Matundu ya hewa. Wavu wa chuma juu, kwa sababu panya humla kobe aliyelala kuanzia miguuni. Boksi liwekwe stoo ya nyuma, ile iliyokuwa ya makaa, upande wa nyumba usioona jua. Na asiguswe mpaka mpichi wa uani uchanue, dalili kwamba baridi imekwisha.

Mgonjwa wa kushoto akauliza kama huyo anayezungumziwa ni mjukuu. Yule wa kulia akamjibu kwamba mjukuu gani anawekwa stoo. Mama mkwe hakucheka.

"Sema tena," akaniambia. "Asiguswe mpaka lini?"

"Mpaka mpichi uchanue, Mama."

Niliogesha, nikakausha, nikachana magazeti. Binti yetu, aliyekuwa na miaka kumi hivi, alikusanya majani makavu barabarani mpaka yakajaa magunia mawili. Kobe alikuwa mkubwa, mwenye mabaka ya njano na meusi, mzito kama mfuko wa sembe wa kilo kumi ambao haujafunguliwa. Alivuta kichwa ndani, akafunga mlango kwa miguu yake ya mbele, nikamweka kwenye boksi lake. Mpaka hapo nilifanya kila nililoambiwa.

Kisha nikafungua stoo. Kulikuwa na vumbi la makaa, beseni lililotoboka, na ubaridi wa sakafu ambao ulinipanda mpaka magotini. Nikaona aibu. Kwetu mgeni akija hupewa kitanda cha mwenye nyumba, na mwenye nyumba akalala chini kwenye mkeka. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa huyu, aliyetunzwa na mama mkwe wangu kuliko dhahabu, nimtupe kwenye stoo ya makaa kama baiskeli mbovu? Nikajiambia mama amesema vile kwa adabu tu. Watu wazima wa kwetu ndivyo walivyo: ukimuuliza atalala wapi, atakwambia hata hapa barazani panatosha, na wewe ukimwacha alale barazani umeuaibisha ukoo mzima. Basi nikabeba boksi nikaliweka chumba cha cherehani, chumba kinachotazama kaskazini, ambako jua la baridi la huku hupita kutwa nzima. Nikaliweka hatua chache kutoka kwenye hita. Juu yake nikafunika kitenge kipya nilichotumiwa na dada yangu.

Mume wangu aliporudi kazini alikiona.

"Eish," akasema. "Chumba cha mbele na kitenge juu. Na mimi nikiugua?"

"Ukiugua utakwenda stoo."

Akacheka, akaenda kuoga. Hakuliinamia boksi, hakufunua kitenge. Hilo lilikuwa likinikera tangu mwanzo. Kobe alikuwa wake, hadithi ilikuwa yake, lakini tangu aletwe Kensington sijawahi kumwona akimlisha wala kumgusa gamba. Alikuwa akimpita uani kama mtu anavyopita bomba. Nikadhani ni tabia ya watu walioondoka nyumbani wadogo. Walizoea kuacha vitu, hata vikiwafuata.

Wiki chache zikapita, na asubuhi nyasi za uani zikawa nyeupe kwa umande ulioganda. Nilikuwa nashona pindo la sketi niliposikia kucha zikikwaruza karatasi. Nikasimamisha gurudumu la cherehani. Kimya. Nikaanza kushona, zikakwaruza tena. Nikajiambia anajigeuza tu, hata mtu usingizini hujigeuza. Kesho yake mchana, jua limeingia mpaka katikati ya chumba, akakwaruza mfululizo, na boksi likawa linatikisika. Jioni akanyamaza. Hivyo hivyo kesho, na keshokutwa. Nilishindwa kushona nikimsikia, na nilishindwa kushona nisipomsikia, kwa sababu kimya chake nacho kilinitisha. Nilianza kuharibu kazi. Sare moja niliishona mikono nje ndani nikaja kuifumua yote.

"Amelala?" nilimuuliza binti yangu siku moja, aliyekuwa amelaza sikio juu ya boksi. Namuuliza kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza. Ndiyo mazungumzo yetu mpaka leo. Akasema hapana, halali, amekaa tu gizani.

Na kila nilipokwenda hospitalini, kabla sijaweka chakula mezani, swali lilikuwa lile lile.

"Ufudu?" Ndivyo wanavyomwita kobe.

"Amelala, Mama."

"Stoo ni kavu?"

"Kavu kabisa."

Uongo ule ulikuwa unanikaa kooni njia nzima ya kurudi, teksi, daladala ya huku, imejaa, watu wanapitishiana nauli mbele mpaka kwa dereva, nami nimekumbatia hotpoti tupu. Nilijua nimeapishwa nisiguse boksi. Nilijua pia kwamba kuna kitu hakiendi sawa. Kati ya kujua kuwili huko sikuwa na pa kukaa.

Nilimwambia mume wangu. Akanisikiliza amesimama, funguo mkononi.

"Mwache alale," akasema.

"Halali. Ndicho ninachokwambia."

"Basi fanya unavyoona, mke wangu."

"Kobe wako, mama yako, na anayekosa usingizi ni mimi."

Akageukia mlango. "Huyo kobe ni wa mama," akasema, akatoka. Nilimwona mwoga siku ile, na nilimwambia hivyo mlango ukiwa umeshafungwa.

Asubuhi iliyofuata niliondoa kitenge, nikatoa wavu, nikatumbukiza mikono kwenye magazeti. Sikuhitaji mizani. Ule mfuko wa sembe ulikuwa umepikiwa ugali wiki nzima. Miguu yake ilikuwa imelegea, macho yameingia ndani, na nilipomgusa kichwa alikivuta polepole, kama mtu anayetii tu. Nikamfunga kwa shuka nikamkumbatia, nikatembea naye mpaka kwa daktari wa wanyama kwenye barabara ya maduka. Watu walinipisha njiani. Nadhani walifikiri nina mtoto mgonjwa.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye mafua. Aliuliza boksi lilikaa wapi. Nikamwambia, na nikaongeza habari ya hita kwa fahari kidogo, maana bado nilikuwa naamini hilo ndilo jema nililofanya. Akafuta pua. Akasema chumba kile kilikuwa na joto la kumzuia asilale, lakini si joto la kumtosha aamke ale, kwa hiyo mwili wake ulikuwa macho unakula akiba yake wenyewe. Stoo ya makaa ingemfaa zaidi. Nilitamani sakafu inimeze.

Sasa, akasema, kuna njia mbili na hakuna ya katikati. Kumrudisha kwenye ubaridi akiwa mwepesi hivi ni kumlaza asiamke. Njia ya pili ni kumwamsha kabisa: mwanga na joto mchana kutwa, maji kila siku, majani, mpaka baridi ipite. Kobe wa aina hii, tofauti na wale wa Ulaya, anaweza kupita majira bila kulala akitunzwa hivyo. Lakini nikishamwamsha nisimlaze tena.

Nilitoka pale nikasimama kando ya robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, taa ikawa ya kijani, ikawa nyekundu, ikawa ya kijani tena, nami sijavuka. Sikuwa na wa kumuuliza. Mume alishajivua. Mama mkwe nikimwambia ukweli pale kitandani, mguu umefungwa, atafanya nini zaidi ya kuumia? Na sauti yake ilikuwa bado masikioni: asiguswe mpaka mpichi uchanue. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, hilo tulifundishwa sote. Lakini mkuu mwenyewe alikuwa hospitalini na guu lake, na kobe alikuwa mikononi mwangu, mwepesi. Nikavuka barabara nikanunua balbu kubwa na fungu la spinachi.

Nilimwogesha kwa maji ya uvuguvugu. Alinyoosha shingo akanywa, akanywa, akanywa, nikaanza kulia bila sababu ya maana. Nikamtandikia magazeti chini ya meza ya kukatia vitambaa, nikaning'iniza balbu, nikamwekea spinachi. Hakula. Kesho hakula. Nikamtafutia mchicha kwa mama mmoja Mkongo aliyekuwa akiuza mboga mtaa wa Bertrams, nikamtafutia majani ya maboga, nikamchumia magugu yenye maua ya njano ukutani mwa jirani. Nilikuwa nashona mishono miwili naangalia chini ya meza. Binti yangu alisema kobe anaona aibu kula akitazamwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama mpaka kiuno kikaota kutu.

Siku aliyouma ua la kwanza nilikuwa nimekata tamaa, natafuta pini iliyoanguka. Nikasikia mtafuno mdogo wa taratibu. Nikabaki pale pale kwa magoti, sikuthubutu hata kukohoa, mpaka alipomaliza lote na kuanza jingine.

Mama mkwe aliruhusiwa mapema kuliko tulivyotazamia, mwezi wa Julai, mpichi wa uani ukiwa bado vijiti vitupu. Mume wangu alimleta, akamwekea mito, akarudi kazini. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha chai na kupanga maneno. Nilikuwa nimepanga kumwambia baada ya kunywa, au baada ya kula, au Jumapili. Kobe hakuningoja. Aligonga mguu wa meza kwa gamba lake, ko, ko, kama alivyozoea akitaka kupita, na mara nikasikia magongo ya mama mkwe yakitembea kwenye korido.

Nilimkuta amesimama mlangoni mwa chumba cha cherehani. Kobe alikuwa chini ya balbu, jani la spinachi limemning'inia mdomoni. Kizulu chote kikanitoka. Nikaanza kueleza kwa Kiswahili, habari ya stoo, habari ya mgeni na kitanda, habari ya daktari, natumia na mikono, naye haelewi hata neno. Akaniashiria kiti. Nikamsaidia kukaa. Akaashiria kobe, nikamwinua nikamweka mapajani mwake, upande wa mguu mzima.

Alimpima kwa mikono miwili, macho yake ukutani.

"Alikuwa mwepesi?" akauliza.

"Mwepesi sana, Mama. Niliogopa. Nikamwamsha."

"Kabla ya mpichi."

"Kabla ya mpichi."

Nilingoja anifukuze. Alikuwa akimpapasa kobe gambani, baka moja baada ya jingine.

"Yule wa kwanza naye alikuwa mwepesi," akasema.

Sikuelewa. Nikamuuliza wa kwanza yupi. Akanisimulia polepole, akitumia maneno ya Kizulu ambayo alijua ninayajua.

Ilikuwa baridi moja katikati ya ile miaka ya kungoja, mwaka ambao hakupata neno lolote la mwanawe kutoka kokote. Yeye mwenyewe hakuwa akila vizuri, na kobe hakumnenepesha kama ilivyopasa. Alipomlaza, mikono ilimwambia huyu ni mwepesi. Lakini mumewe alikuwa amesema kobe haamshwi kabla ya mpichi, naye mume alikuwa ameshakufa, na neno la aliyekufa halipingwi. Akangoja. Alikuwa akilisikia boksi limenyamaza akasema ni usingizi. Mpichi ulipochanua alifungua, na kilichokuwemo kilikuwa gamba.

"Nilimzika nyuma ya choo majirani hawajaamka," akasema. "Wangesema, umeona, na mtoto amekwenda hivyo hivyo. Na mimi ningewaamini."

Siku zile alikuwa akifua nguo kwenye nyumba moja hapa hapa Kensington. Mtunza bustani wa pale alikuwa na makobe. Akampa mmoja wa ukubwa ule ule, mama akampeleka Soweto kwa treni, amempakata chini ya shali. Abiria aliyekaa karibu alipouliza, akamwambia ni kabichi. Alitabasamu kidogo alipofika hapo, kisha tabasamu likaisha.

"Aliporudi, baba yake nilikuwa nimeshamzika. Rafiki zake wa mtaani, wengine wamekufa. Chumba chake nilikuwa nimempangisha mtu. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kumwambia, hiki nimekutunzia." Akanitazama. "Asijue, makoti."

Nilitaka kumkumbatia lakini kobe alikuwa katikati. Nikamwahidi, ahadi ya pili mwaka ule, na hii ilikuwa nzito kuliko ya kwanza.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi kata ile ilikuwa inanichoma mkono. Nilizunguka nyumba. Nilifagia palipofagiwa. Mume wangu akiingia chumbani natoka, akinisemesha najibu nusu. Nilikuwa naogopa mdomo wangu, maana haujawahi kunitii. Na kila nilipomwona akimpita kobe bila kumtazama nilitaka kumtikisa mabega nimwambie hujui mwanamke yule alipitia nini kwa ajili yako.

Jumamosi moja balbu iliungua. Mama mkwe alikuwa amejilaza chumbani kwake, mlango wazi. Mume wangu akaja na balbu mpya, akapiga magoti chini ya meza, nami nilikuwa nimekaa natunga uzi kwenye sindano. Alipomaliza kuifunga, kobe alikuwa amefika kwenye goti lake anasukuma apite. Nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Alimwinua. Akampindua taratibu, akapitisha kiganja kwenye tumbo lake, toka shingoni mpaka mkiani.

"Njoo uguse hapa," akasema. Nikagusa. "Bapa, siyo? Huyu jike. Dume tumbo lake linabonyea, ili aweze kumpanda jike." Akamgeuza tena. "Wangu alikuwa dume."

Sindano ilikuwa bado mkononi. Kutoka chumbani nilisikia kitanda cha mama mkwe kikilia, anajigeuza.

"Umejua lini?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Tangu siku niliyorudi."

"Na hukusema."

"Ningesema nini?" Alikuwa akimtazama kobe, si mimi. "Alinipa huku ananiangalia usoni. Nikamwambia ahsante Mama, umenitunzia. Baada ya hapo nikawa siwezi kumshika huyu mnyama. Nikimshika namkumbuka yule mwingine, halafu mama ananiona."

Hasira zilinipanda, hasira za kweli. Miaka yote ile watu wawili wazima wanazungukana ndani ya nyumba moja, huyu anamficha yule, yule anamficha huyu, na mimi nimevunja mgongo chini ya meza kwa ajili ya uongo wao. Sentensi moja ingetosha. Ningemshika mkono mwanaume huyu, nikamsimamisha mbele ya kitanda cha mama yake, nikasema, haya, semeni. Wangelia, wangemaliza, tungekunywa chai. Nilishasimama. Nilishafika mlangoni.

"Mwanangu," mama mkwe akaita kutoka chumbani kwake. Sauti yake ilikuwa na wasiwasi, kama mtu aliyesikia minong'ono akaogopa inahusu nini. "Kobe wako amekula?"

Mume wangu alinitazama pale mlangoni. Hakuniomba kitu. Alimweka kobe chini ya mwanga mpya, akamsogezea majani karibu na mdomo, akangoja mpaka aume.

"Amekula, Mama," akajibu kwa sauti ya kusikika nyumba nzima. "Kobe wangu amekula."

Nikarudi kwenye cherehani, nikaketi.